Dereva Hodari au Gari Lenye Kasi?

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya jambo lolote ninalolifahamu. Jambo ninalolifahamu ni magari. Tangu nilipomaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979 sijafanya kazi nyingine ya maana. Nimelala chini ya magari ya watu, mgongo juu ya gunia, saa nyingi kuliko nilizokaa barazani kwangu. Basi msitegemee kwangu hotuba ya uchumi wala ya falsafa.

Katibu aliniarifu vile vile kwamba muhula huu wanafunzi walifanya mdahalo juu ya hoja isemayo, "Katika mbio za magari, dereva hodari ni bora kuliko gari lenye kasi," na kwamba kura zililingana. Waliounga mkono hoja walisimama juu ya methali isemayo, mchagua jembe si mkulima. Waliopinga wakawajibu kwa methali ya mabaharia, chombo cha kuzama hakina usukani. Nilifurahi niliposikia hayo, kwa sababu methali mbili zikigongana ndipo mtu hulazimika kufikiri mwenyewe.

Leo nataka kujaribu kulifungua fundo hilo. Wala si kwa ajili ya kujifurahisha tu. Mchana huu sisi wanachama tutapiga kura juu ya fedha za mfuko wetu: ziende katika zawadi za wanafunzi watakaofanya vizuri katika mitihani, au zitumike kufufua karakana na maabara ambazo zimechakaa? Nitaligusa jambo hilo mwishoni. Naamini mtaona kwamba ni swali lile lile, limebadili nguo tu.

KAZI YA GARI

Kwanza tulitazame gari peke yake. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne watanisaidia kwa hesabu.

Gari linapopita katika kona, kitu kinacholizuia lisitupwe nje ya barabara ni kimoja tu, nacho ni msuguano kati ya matairi na ardhi. Tuseme kona ni tambarare, ina nusukipenyo cha mita 50, na matairi yana uwezo wa kushika barabara kwa nguvu iliyo sawa na 0.8 ya uzito wa gari. Zidisha 0.8 kwa 9.8, kisha kwa 50. Utapata 392. Tafuta kipeo cha pili cha namba hiyo. Utapata karibu mita 19.8 kwa sekunde, yaani kilomita 71 kwa saa. Hapo ndipo mwisho. Ukienda kilomita 75 utatoka nje ya barabara, uwe bingwa wa dunia au uwe mwanagenzi aliyepata leseni jana. Katika hesabu ile uzito wa gari umejifuta wenyewe, na jina la dereva halimo kabisa.

Sasa fungeni matairi bora zaidi, yenye kushika kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote wa gari. Kona ni ile ile. Mwisho wake sasa ni kilomita 80 kwa saa, au pungufu kidogo. Tumeongeza zaidi ya kilomita 8 kwa saa bila kumfundisha dereva neno lolote.

Ni hivyo hivyo kwa breki, kwa injini, kwa springi na kwa uzito. Kila kitu katika gari kinaweka mpaka fulani. Mimi hupenda kusema kwamba gari ndilo linaloweka dari. Dereva hawezi kuipandisha dari hiyo hata kwa unene wa kucha.

KAZI YA DEREVA

Je, dereva basi ana kazi gani? Kazi yake ni kuikaribia dari bila kuigonga.

Msidhani kwamba ni kazi ndogo. Dereva wa kawaida, akiwekwa katika gari la mbio, atafunga breki mapema mno, atauvuta usukani kwa nguvu kupita kiasi, na atakanyaga mafuta wakati matairi bado yana shughuli ya kukata kona. Kona ambayo gari linaweza kuipita kwa kilomita 71 yeye ataipita kwa 55. Akijitia ushujaa ataiingia kwa 80 na kuishia mtaroni. Dereva hodari ataipita kwa 70. Mzunguko unaofuata ataipita tena kwa 70, na mzunguko wa 90 pia, ingawa matairi yamelika, mafuta yamepungua, jua linamchoma na mwenzake yuko nyuma yake mita 10 akimtafutia kosa. Huo ndio ustadi. Ni kujua mwisho ulipo, na kukaa karibu nao kwa muda mrefu bila kuuvuka.

Mtu aliyeonyesha jambo hili waziwazi ni Mwingereza Stirling Moss, katika mbio za Monaco za mwezi Mei, 1961. Mwaka ule sheria ziliruhusu injini za lita moja na nusu tu. Kampuni ya Ferrari ilifika na magari mapya yenye injini za silinda 6, na kila mtu alijua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa na nguvu nyingi kuliko yote. Moss aliendesha Lotus ya mtindo wa mwaka uliotangulia, yenye injini ya silinda 4, mali ya timu ya mtu binafsi. Joto lilikuwa kali hata mabati ya ubavuni yakafunguliwa ili apate hewa. Aliendesha mizunguko 100 kwa muda wa saa 2 na dakika 45, na karibu muda wote huo Ferrari zilikuwa zikimfukuza. Alishinda kwa sekunde 3.6. Wa pili, wa tatu na wa nne wote walikuwa katika Ferrari.

Nadhani wale walioiunga mkono hoja sasa wanataka kupiga makofi. Ngojeni kidogo.

Jiulizeni kwanza, kwa nini Monaco? Njia ya Monaco hupita katika mitaa ya mji, myembamba, yenye kona juu ya kona, na hakuna mahali parefu paliponyooka ambapo injini kubwa ingeweza kujinyoosha. Mwaka ule ule Moss aliwashinda tena Ferrari huko Nürburgring, Ujerumani, ambako nako kona ni nyingi sana. Maana yake ni kwamba katika njia zile dari za magari yote zilikuwa karibu karibu, na pengo likiwa dogo mtu hodari anaweza kuliziba.

Jiulizeni pia mwaka ule uliishaje. Mbio za ubingwa wa dunia zilikuwa 8. Ferrari ilishinda 5, Moss akashinda 2. Bingwa wa dunia akawa Mmarekani Phil Hill, dereva wa Ferrari. Moss katika maisha yake alishinda mbio 16 za namna hiyo, na wapo wanaosema hadi leo kwamba katika siku zake hakuna aliyemzidi baada ya Fangio kustaafu. Lakini hakuwa bingwa wa dunia hata mara moja. Ustadi ulimpa siku zake kubwa, na magari yakawapa wenzake miaka.

Nitatoa mfano mwingine ambao vijana wataukumbuka. Mwezi Desemba, 2020, mbio zilifanyika Bahrain. Lewis Hamilton, bingwa wa dunia, aliugua korona, na timu yake ya Mercedes ikamwazima kijana wa Kiingereza, George Russell, kutoka timu ya Williams. Wakati ule gari la Williams lilikuwa miongoni mwa yale ya mkiani. Russell alikuwa ameliendesha kwa karibu misimu miwili na hakuwa amepata hata pointi moja. Basi akapanda gari jipya kwake, bila maandalizi ya maana. Siku ya kupanga nafasi za kuanzia alikuwa wa pili, akishindwa kwa sekunde 0.026 tu na mwenyeji wa timu ile, Valtteri Bottas. Siku ya mbio akaongoza. Angeshinda, ila mafundi walichanganya matairi alipoingia kubadilisha, kisha tairi jingine likaanza kuvuja, akamaliza wa tisa.

Nataka mlifikirie jambo hilo. Kijana yule hakujifunza udereva katika juma moja. Ustadi wake ulikuwa umo ndani yake siku zote, lakini dunia haikuweza kuuona, kwa sababu alikuwa chini ya dari fupi. Nani ajuaye ni wangapi wengine walioendesha magari ya mkiani mpaka wakastaafu, tukawaita madereva wa kawaida?

Na sasa tuupindue mfano huo. Mwaka 2023 timu ya Red Bull ilikuwa na gari bora kupita yote. Ilishinda mbio 21 kati ya 22. Madereva wake walikuwa wawili, Max Verstappen na Sergio Pérez. Verstappen alishinda 19, Pérez akashinda 2. Verstappen alimaliza mwaka na pointi 575, Pérez na pointi 285. Gari moja, mafundi wa nyumba moja, na mmoja amepata mara mbili ya mwenzake. Atakayesema gari ndilo linalojiendesha na aitazame hesabu hiyo.

Kwa hiyo katika kiwanja cha mbio mimi nasema hivi. Gari ndilo linaloamua kama utakuwa katika kundi la mbele, la kati au la nyuma. Ndani ya kundi hilo, dereva ndiye anayeamua utakuwa wa ngapi. Mara moja moja, mvua ikinyesha au kona zikiwa nyingi, dereva huruka kutoka kundi moja hadi jingine. Lakini hafanyi hivyo kila Jumapili.

MBIO ZA SAFARI

Wazee wenzangu wananitazama kwa macho ya kusema, mbona unazungumza habari za Ulaya tu, umezisahau mbio zetu? Sijazisahau.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na katika miaka ile ya kwanza zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hizi hazikuwa mbio za kiwanja. Magari yalikimbia katika barabara zile zile za watu wote, wakati wa Pasaka, majira ya mvua. Katika miaka ya sabini urefu wake ulifika karibu kilomita 5,000. Siku ya kwanza ni vumbi, ya pili ni utelezi, ya tatu mto umefurika na daraja halipo. Kati ya hayo kuna mawe, makorongo, ng'ombe, na wakati mwingine twiga.

Katika barabara ya namna hiyo swali letu linabadilika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza magari 93, na tena yakamaliza 7. Hiyo ndiyo miaka miwili iliyokuwa migumu kupita yote. Na nani alishinda mwaka 1963? Nick Nowicki, akiwa na mwenzake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Na mwaka 1968? Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Mtu akishinda mara moja katika balaa kama lile tunaweza kusema ni bahati. Akishinda mara mbili, yeye yule, na aina ile ile ya gari, bahati haitoshi kulieleza jambo hilo. Na angalieni pia gari alilolichagua. Peugeot 404 haikuwa gari la kifahari wala la kasi ya kutisha. Lilikuwa gari la kazi, ambalo miaka mingi baadaye bado lilikuwa likibeba abiria na magunia katika barabara zetu.

Halafu kuna Joginder Singh, Mkenya, ambaye watu walimwita Simba. Alishinda mara tatu. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika, iliyokuwa imekimbia katika mbio hizo hizo kabla hajaipata yeye. Mwaka 1974 alishinda katika Mitsubishi Lancer yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600, na nyuma yake, wa pili, alikuwa Msweden Björn Waldegård katika Porsche 911. Akashinda tena mwaka 1976, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Lancer ile na Porsche 911 mkiziweka katika barabara iliyonyooka, hakuna atakayeuliza ipi itatangulia. Ushindi wake basi ulitoka wapi? Jibu langu ni hili: Joginder Singh kabla ya kuwa dereva wa mbio alikuwa fundi wa magari. Alijua chuma kinalia vipi kabla hakijavunjika. Aliingia mbio za Safari mara 22, akazimaliza mara 19, katika mashindano ambayo mara nyingi wengi walioanza hawakuuona mwisho. Mimi huiheshimu hesabu hiyo ya 19 kuliko vikombe vyake vitatu.

Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya, alishinda mara tano: mwaka 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1979 aliyemfuata wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes-Benz yenye injini ya lita 5. Mehta alikuwa na Datsun yenye injini ya lita 2.

Nisije nikaonekana nimehongwa na upande mmoja, lazima niseme na upande wa pili. Mwaka 1985 Juha Kankkunen wa Finland alikuja kukimbia Safari kwa mara ya kwanza, akashinda mara hiyo hiyo katika Toyota iliyoandaliwa vizuri sana. Na siku hizi mambo yamegeuka. Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021. Sasa sehemu za kushindania hazifiki kilomita 400, nyingi zikiwa pande za Naivasha, na tena zimefungwa, magari mengine hayapiti. Kuanzia 2021 hadi 2025 Toyota ilishinda kila mwaka, na katika miaka ya 2022 na 2023 ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Madereva wake ni hodari, sina ubishi. Lakini kampuni moja ikichukua nafasi nne mfululizo, miaka miwili, gari nalo lina neno lake.

Basi jambo lenyewe liko hivi. Njia ikiwa fupi, safi, na inayojulikana kila inchi, gari huwa na sauti kubwa. Njia ikiwa ndefu, chafu, na haijulikani mbele kuna nini, sauti ya dereva hupanda. Na ustadi unaohesabiwa hapo si wa kukanyaga mafuta. Ni ustadi wa kulihifadhi gari.

USTADI NI NINI HASA?

Hapa nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu katika gereji. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyeniletea malori yake mawili. Yalinunuliwa siku moja, mtindo mmoja, na yalibeba mzigo wa aina moja katika barabara moja. Lori la kwanza lilikuja kwangu kila mara kwa klachi, breki na springi. Lori la pili lilikuja kubadilisha oili na kuondoka. Tajiri alidhani lori la kwanza lilikuwa na kasoro ya kiwandani. Nilimshauri awabadilishe madereva, afunge mdomo wake, angoje. Baada ya miezi michache ugonjwa ulihama: lori lililokuwa zima likaanza kuugua, na lile gonjwa likapona.

Wala dereva yule mwema hakuwa akichelewa. Alifika pamoja na mwenziwe, pengine mbele yake. Alikuwa akitazama mbali, anaondoa mguu mapema, anateremka mlima kwa gia badala ya kuunguza breki, na usiku kabla ya kulala anazunguka lori akiwa na tochi na spana.

Vijana, mnisikilize vizuri hapa, maana wengine wenu likizo mnaendesha pikipiki. Yote niliyosema juu ya kuikaribia dari yanahusu njia ya mbio iliyofungwa, yenye watu wa kuokoa wanaongoja kando. Barabara yetu kuu si njia ya mbio. Mtu anayekwenda kilomita 100 kwa saa anapita karibu mita 28 katika kila sekunde, na mtoto akitokea, sekunde moja ya kushtuka tu imekwisha kula mita hizo 28 kabla breki haijaguswa. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huwa mara nne. Hakuna ustadi unaoifuta hesabu hiyo. Nimepokea magari mengi yaliyovutwa kwa kamba, na mara nyingi sana niliambiwa kwamba mwenyewe alikuwa dereva hodari.

NA SISI JE?

Sasa nakuja katika kura ya mchana huu.

Kila tunapokutana, sisi wazee hupenda sana kusimulia shida. Tunawaambia vijana, "Sisi tulisoma kwa taa za chemli, kitabu kimoja watu sita, maabara haina hata mrija wa kupimia, na tazameni tulipofika!" Tukishasema hivyo tunaketi, tumeridhika, kana kwamba tumetoa mchango. Hiyo ni hadithi ya Moss katika Monaco. Ni hadithi ya kweli, na ni nzuri. Lakini ninaogopa kwamba tunaitumia vibaya. Tunawasimulia vijana ushindi wa Lotus ili tusinunue Ferrari.

Kumbukeni mwaka 1968. Yalianza magari 93, yakamaliza 7. Kama mngefanya mkutano wa wale saba peke yao na kuwauliza kama barabara ilikuwa mbaya mno, wangejibu, "Ilikuwa mbaya, lakini inapitika, sisi hatukufika?" Wale 86 waliobaki matopeni hawamo katika mkutano huo wa kuwajibu. Ndugu zangu, tutazameni humu bwaloni. Sisi ndio tuliofika. Darasa letu la 1979 lilikuwa na vijana waliokuwa na akili za hesabu kuniliko mimi mara mbili. Mmoja wao, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, aliweza kueleza habari za umeme kwa kuchora mchangani, lakini hakuwahi kushika hata waya wa maabara mpaka siku ya mtihani wa vitendo. Alifeli somo hilo. Hayumo humu leo, na hakuna anayemtaja anapohesabu matunda ya shule hii. Sitamtaja jina, kwa sababu heshima yake ni yake. Lakini nilipoisoma habari ya George Russell na siku zake mbili katika gari jema, niliyemkumbuka ni huyo.

Zawadi kwa wanaofaulu ni jambo jema, wala silipingi. Lakini zawadi humpata aliyekwisha fika. Mashine ya kukerezea chuma inayofanya kazi, meza ya maabara yenye maji na umeme, na vyombo vya kutosha ili kila mwanafunzi ashike kwa mkono wake mwenyewe, hivyo vinapandisha dari ya wote, yule wa kwanza na yule wa arobaini. Kisha kila mmoja ataonyesha ustadi wake.

Kwa sababu hiyo mimi nitapiga kura fedha ziende kwenye karakana na maabara. Mchango wangu hauishii katika kura: mashine zile mbili zilizofunikwa turubai nyuma ya karakana nimezikagua jana jioni kwa idhini ya Mwalimu Mkuu. Moja inahitaji beringi na mota. Ya pili inahitaji kusafishwa tu. Nitakuja na vijana wangu wa gereji likizo ijayo kuzitengeneza bila malipo ya ufundi, ninyi mkitoa gharama ya vipuri.

Na ninyi wanafunzi, msichukue maneno yangu mkayafanya kitanda cha kulalia. Sikusema kwamba asiye na gari jema asianze mbio. Moss hakukataa kuanza kwa sababu Lotus yake ilikuwa ya mwaka uliopita. Joginder hakungoja Volvo mpya. Mpaka mashine zitakapotengenezwa, kazi yenu ni kuikaribia dari mliyo nayo, kila siku, bila kuigonga. Na zikishatengenezwa, mzitunze kama yule dereva wa lori la pili: mzifute, mzitie oili, mzisikilize. Mashine ikiharibika kwa uzembe, kosa si la yule aliyeinunua.

Ama kuhusu mdahalo wenu, mkiniuliza kura yangu iko wapi, nitasema hoja iliandikwa vibaya. Dereva na gari hawashindani wao kwa wao. Wanashindana pamoja dhidi ya barabara. Mchagua jembe si mkulima, ni kweli, ila mkulima mwema pia halilazi jembe lake mvuani, na mzazi mwema hamrithishi mwanawe mpini mtupu.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na naona wapishi wamekwisha chungulia mlangoni mara mbili. Atakayependa kuja nami kuziona mashine zile kabla ya kura, tukutane nyuma ya karakana mara baada ya chakula.